KAMERA YA HADUBINI: TUJUE KWANZA TUNACHONUNUA

(Hii ni hotuba iliyotolewa na mfanyakazi wa huduma za jamii wa Kanisa Katoliki kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia kutoka Kisii na Nyamira. Tumeiandika karibu kama ilivyosemwa, ili hata vikundi ambavyo havikufika viisome na kuijadili.)



 Mwenyekiti ameniomba nisiwe mrefu, kwa sababu chakula kiko tayari, na mvua yetu ya saa nane haina urafiki na mtu. Nitajaribu.

Mwaka huu vikundi vitatu vimeniletea swali moja. Vina pesa kidogo, vinataka kuisaidia maabara ya zahanati yao, na wamesikia kwamba siku hizi kuna kamera ya kidijitali inayofungwa juu ya hadubini. Hadubini ni ile mashine ya kukuza vitu vidogo ambayo wengi wetu tunaiita maikroskopu. Mpimaji akitazama damu, picha inaonekana kwenye kompyuta au televisheni, na watu wote chumbani wanaona. Basi mnaniuliza: tununue ipi?

Nitawajibu. Lakini kwanza niwaambie jinsi mimi mwenyewe nilivyokosea, maana mwalimu asiyesema makosa yake anawaachia wanafunzi wayarudie.

KOSA LANGU

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikisaidia kikundi cha akina mama. Walikuwa wameweka akiba ya mzunguko, na kila mmoja akaongeza kitu kidogo kutoka kwenye bonasi yake ya majani chai. Walitaka kuifanyia maabara jambo jema. Mimi nilikuwa nimetoka semina mjini, nimeona picha nzuri za damu kwenye ukuta. Nikawaambia, "Nunueni kamera." Wakanipigia makofi.

Tulimtuma kijana Nairobi. Akarudi na kamera, boksi zuri kabisa. Tulipoifikisha maabara, haikuingia kwenye hadubini. Tundu lilikuwa la kipimo kingine. Tukatafuta kipande cha kuunganishia. Kilipopatikana, tukaambiwa kamera hiyo haifanyi kazi bila kompyuta, na zahanati haikuwa na kompyuta. Basi kamera ikakaa kabatini misimu miwili ya mvua.

Siku moja mama mmoja wa kikundi alileta mjukuu wake zahanati. Akaniona, akaniuliza kwa upole tu, "Mwalimu, ile bonasi yangu iko wapi?" Sikuwa na jibu. Nilimwonyesha kabati.

Lakini lililonichoma zaidi ni maneno ya mpimaji. Aliniambia, "Mwalimu, hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza. Lenzi yangu kubwa imeota kuvu. Mtoto akija na homa, natazama damu yake kama mtu anayetazama barabara wakati wa ukungu. Mimi nilihitaji lenzi."

Ndugu zangu, wazee wetu walikuwa na risaga. Majirani walikusanyika kulima shamba la mmoja wao. Hata hivyo, mwenye shamba ndiye aliyesema ni sehemu gani ilimwe. Hakuna aliyefika na jembe na kuanza kulima popote alipopenda. Sisi tulifanya hivyo. Tulipeleka jembe kwenye shamba la mtu bila kumuuliza.

KAMERA INAFANYA KAZI GANI?

Sasa msifikiri nasema kamera ni mbaya. Hapana. Ina kazi yake, na ni ya zamani kuliko tunavyodhani. Yule daktari Mjerumani, Robert Koch, ambaye mwaka 1882 alitangaza kiini cha kifua kikuu, alikuwa ameanza kuchapisha picha za bakteria tangu 1877. Kabla ya hapo wataalamu walichora kwa mkono. Kila mmoja alichora alivyoona yeye, na mabishano hayakuisha. Picha ilikuwa kama shahidi ambaye wote wanaweza kumsikiliza. Koch huyo huyo alifika hata huku kwetu. Mwaka 1906 na 1907 alikuwa visiwa vya Ssese, Uganda, ndani ya ziwa letu hili, akichunguza ugonjwa wa malale.

Katika zahanati ya leo kamera inaweza kufanya kazi nne:

Kwanza, kufundisha. Mwanafunzi wa maabara akitazama peke yake, mwalimu hajui anatazama nini. Picha ikiwa kwenye televisheni, mwalimu anaonyesha kwa kidole: "Hiki ni kijidudu, hiki ni uchafu wa rangi."

Pili, kupata maoni ya mtu mwingine. Mpimaji akiwa na shaka, picha inaweza kuonyeshwa mtaalamu wa hospitali kubwa.

Tatu, kuweka kumbukumbu. Slaidi huchujuka rangi na kuvunjika. Picha iliyotunzwa vizuri hubaki.

Nne, kuelimisha jamii. Mtu akiliona yai la mnyoo kwa macho yake mwenyewe, hahitaji hotuba ndefu juu ya choo.

Je, kamera itapima malaria? Hapana. Hapa naomba mnisikilize sana, maana sisi wa nyanda za juu tunaijua malaria kwa namna yake. Haikai nasi mwaka mzima kama ilivyo kule kando ya ziwa, kwa hiyo miili yetu haijaizoea, na ikija inakuja kwa kishindo. Wengi hapa mnakumbuka mwaka 2002, jinsi wodi zilivyojaa baada ya mvua. Wakati kama huo jibu la maabara ni suala la uhai.

Mpimaji anapotafuta malaria hutengeneza tone nene la damu kwenye kioo, hulipaka rangi ya Giemsa, halafu hutazama kwa lenzi ya 100 yenye mafuta. Kabla ya kusema "hakuna malaria" anatakiwa kutazama sehemu 100 tofauti za lile tone. Akikuta vijidudu, anavihesabu sambamba na chembe nyeupe za damu, mara nyingi hadi chembe 200, ili ajue mgonjwa amezidiwa kiasi gani. Halafu kuna utando mwembamba wa damu, wa kutambua aina ya malaria.

Sasa angalieni. Picha moja ni sehemu moja tu kati ya zile 100. Picha isiyo na kijidudu haisemi kwamba mgonjwa ni mzima. Ni kama kuchungulia dirisha moja la shule na kusema, "Mtoto wangu hakuja leo." Kazi ya kupima inabaki kwa jicho na uvumilivu wa mpimaji aliyesomea na kusajiliwa. Kamera inamsaidia kuonyesha alichokwisha kukiona.

PICHA HAIIZIDI SLAIDI

Kanuni moja naomba muiandike kwenye daftari: picha haiizidi slaidi, wala haiizidi lenzi. Slaidi ikiwa chafu, kamera itatoa picha safi ya uchafu. Rangi ikiwa imeharibika, kamera itaonyesha rangi iliyoharibika. Lenzi ikiwa na kuvu, tutapata ukungu kwenye televisheni kubwa, na tutakuwa tumelipia ukungu huo.

Kwa hiyo kabla ya kuzungumzia kamera, mwombeni mpimaji awaeleze hali ya hadubini. Huku kwetu unyevu ni mwingi, na lenzi huota kuvu kama haitunzwi mahali pakavu. Jambo jingine linalotokea mara kwa mara ni lenzi ya 40 kuingia mafuta. Lenzi ya 40 ya kawaida haitumii mafuta, ni ile ya 100 inayotumia. Mtu akizungusha vibaya, mafuta yanashika lenzi isiyohusika, na kila kitu kinafifia. Pengine shida yote ni kusafisha, au kununua karatasi za lenzi, mafuta, rangi na vioo. Kama ni hivyo, kikundi kiwe na unyenyekevu wa kununua vitu hivyo. Najua karatasi ya lenzi haipigwi picha na mgeni rasmi. Lakini inaweza kumwokoa mtoto.

MASWALI SABA KABLA YA KULIPA

Haya. Tuseme hadubini ni nzima, mpimaji mwenyewe anaitaka kamera, na kazi yake inajulikana. Basi ulizeni maswali haya:

1. Itafungwa wapi? Hadubini nyingi za zahanati zina matundu mawili ya macho. Nyingine zina bomba la tatu juu, lililotengenezwa kwa ajili ya kamera. Kama hakuna bomba la tatu, kuna kamera ndogo inayoingia mahali pa kioo cha jicho baada ya kukitoa. Kipimo kinachopatikana sana cha tundu hilo ni milimita 23.2, lakini kuna hadubini zenye milimita 30. Tofauti hiyo ndiyo iliyotuangusha sisi. Kwenye bomba la tatu, kamera nyingi hufungwa kwa skrubu ya aina ya C, yenye upana wa milimita 25.4, na huhitaji adapta ya hadubini ile ile. Andikeni jina na namba ya hadubini, pimeni tundu, nendeni na vipimo hivyo dukani.

2. Itaona eneo kubwa kiasi gani? Kile kibati kidogo kinachopokea mwanga ndani ya kamera huitwa kihisi. Mara nyingi ni kidogo kuliko duara ambalo jicho huliona. Kwa hiyo kamera inaweza kuonyesha kipande cha katikati tu, na mpimaji akashangaa vitu vingine vimekwenda wapi. Ndiyo maana kuna adapta yenye lenzi ya kupunguza, iliyoandikwa 0.5. Huleta eneo kubwa zaidi ndani ya picha. Ulizeni kama imo kwenye bei au inauzwa kando.

3. Ina megapikseli ngapi, na ni za kweli? Pikseli ni zile nukta zinazoijenga picha. Megapikseli moja ni nukta milioni moja. Muuzaji atawaambia zikiwa nyingi ndiyo bora. Si hivyo. Hadubini ina mpaka wake. Lenzi ya 100 tunayoitumia, hata ikiwa nzuri, haiwezi kutenganisha vitu viwili vilivyokaribiana zaidi ya robo hivi ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Huo ni mpaka wa mwanga wenyewe. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa sehemu 7 hivi za elfu ya milimita, kwa hiyo inaonekana vizuri, na kijidudu ndani yake pia. Kwa kazi hiyo megapikseli 3 hadi 5 za kweli zinatosha. Kuongeza nyingine 15 ni kama kuongeza ndoo wakati kisima kina maji yale yale. Tena kuna kamera ambazo kompyuta hubuni nukta za katikati, halafu boksi linaandikwa namba kubwa. Ulizeni: kihisi chenyewe kina nukta ngapi?

4. Rangi zake ni za kweli? Mpimaji anaamua kwa rangi. Katika kipimo cha makohozi kinachotumia rangi mbili, viini vya kifua kikuu huonekana vyekundu juu ya samawati. Katika Giemsa, kiini cha kijidudu cha malaria ni chekundu na mwili wake ni samawati. Taa ya zamani ya hadubini ina umanjano, taa ya LED ni nyeupe zaidi. Kamera nzuri humruhusu mpimaji kurekebisha weupe kwa mkono, na pia kuamua mwanga uingie kwa muda gani. Kama kila kitu inajiamulia yenyewe, leo damu itakuwa ya waridi na kesho ya zambarau.

5. Inatumia nini kuonyesha picha? Kuna kamera ya waya wa USB, ambayo lazima iwe na kompyuta na programu yake. Hakikisheni programu hiyo inakubali kompyuta mliyo nayo, si ile ya dukani. Kuna kamera ya waya wa HDMI, ambayo huingia moja kwa moja kwenye televisheni na kuhifadhi picha kwenye kadi. Kwa zahanati isiyo na kompyuta, hii ya pili mara nyingi ni afadhali. Na stima ikipotea? Tukumbuke pia picha isiyochelewa. Mpimaji akisogeza slaidi, picha isogee pamoja naye. Ikichelewa, kichwa kitamzunguka na ataiacha.

6. Nani atafundisha, nani atatengeneza? Dhamana ni ya muda gani, na ikiharibika inarudishwa wapi? Kama jibu ni nchi ya mbali, jueni kwamba hakuna jibu.

7. Simu haitoshi? Msicheke. Simu nyingi za leo zina kamera nzuri, na kuna kishikio cha bei ndogo kinachoishikilia simu sawasawa juu ya kioo cha jicho. Kwa kuuliza maoni au kuelimisha jamii, inaweza kutosha kabisa. Kasoro zake ni kwamba simu hujirekebishia rangi, ikitikisika picha inaharibika, na simu ni ya mtu. Ikiondoka, kumbukumbu zinaondoka. Lakini kikundi kikianza na kishikio cha simu kwa miezi michache, kitajua kama kamera inahitajika kweli au tuliipenda tu.

Baada ya maswali hayo, jambo la mwisho ni hili: msilipe kabla ya kujaribu. Kamera ifike maabara, ifungwe kwenye hadubini yenu, kwa slaidi yenu, mpimaji wenu akiwa amekaa pale. Muuzaji akikataa, mshukuruni na mwende kwa mwingine. Tusiuziwe mbuzi ndani ya gunia.

HESHIMA YA MGONJWA

Kuna jambo hapa linalohusu imani yetu pia. Damu iliyo kwenye kioo ni ya mtu. Picha isibebe jina lake. Iwe na namba tu, na daftari la namba lifungiwe. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na habari za afya ya mtu ni kati ya zile zinazolindwa kwa uzito zaidi. Msirushe picha kwenye kundi la WhatsApp la kijiji mkisema, "Tazameni kamera yetu inavyofanya kazi." Kijijini watu hawakosi kukisia ni nani. Kama picha ni ya kuelimisha jamii, mgonjwa aombwe ruhusa, na akikataa atibiwe kwa upendo ule ule.

DAFTARI LETU

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Uamuzi wa kununua uandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano. Mweka hazina atunze risiti na karatasi ya dhamana. Muandikiane na zahanati: kamera ni ya nani, ufunguo uko kwa nani, kadi na waya zikiharibika nani atanunua. Tengeni kiasi kidogo kila mwaka kwa matunzo. Kitu kisicho na fungu la matunzo kimekwisha kuanza kufa siku kilipozinduliwa.

Mtauliza, ile kamera ya kabatini iliishia wapi? Tulirudi kwa wale akina mama. Niliwaambia ukweli, kwamba ushauri ulikuwa wangu na ulikuwa mbaya. Walinyamaza kidogo. Kisha yule mama mwenye mjukuu akasema, "Basi tuanze na lenzi." Wakachanga tena, safari hii mpimaji akiwa ameketi nao na karatasi yake ya mahitaji. Lenzi ilinunuliwa kwanza. Kompyuta ilipopatikana baadaye, kamera ilitoka kabatini, na leo inatumika kufundishia vijana wanaokuja kujifunza kazi. Lakini sipendi kuifanya habari hii kuwa tamu. Misimu miwili ya mvua ilipita na lenzi yenye ukungu, na pesa za lenzi zilikuwa zimelala ndani ya boksi zuri.

Kwa hiyo, mkirudi nyumbani, msiende dukani kwanza. Nendeni maabara. Mkute mpimaji, mkae chini, mumuulize: "Unahitaji nini ili uone vizuri?" Akisema kamera, mnayo maswali saba. Akisema lenzi, nunueni lenzi.

 

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Je, kikundi chetu kimewahi kununua kitu ambacho hakikutumika? Nani hakuulizwa?
2. Mpimaji wa zahanati yetu anasemaje juu ya hali ya hadubini yake? Tumteue nani aende kumuuliza, na lini?
3. Kama tungekuwa na kamera leo, ingefanya kazi ipi kati ya zile nne? Simu yenye kishikio ingetosha?
4. Ni nani atakayetunza picha za wagonjwa, na kwa utaratibu gani?